Gari Lenye Vidirisha Viwili vya Mkono

Kisiwani Nosy Be, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Faiza,

Salamu utazipokea kwa wengine, maana tangu asubuhi wanapishana mlangoni na maandazi yao na machozi yao. Mimi nimejificha kwenye kibaraza cha nyuma. Wewe umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi yako, nina nafasi ya kutosha. Mambo ya chandarua, dawa ya tumbo, na boti ya Ankify kesho, nimekwisha kukuambia kwa mdomo mpaka ukanuna. Hayamo humu.

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Nyumbani kwetu lugha hii ilikuwa ya bibi yako na mimi, ya kupimia nguo na ya kugombana. Baba yako tulisema naye Kingazija, majirani Kimalagasi, na karatasi za serikali Kifaransa. Wewe Kiswahili ulikiokota chini ya meza ya kukatia, pamoja na vipande vya ngozi. Huko Dar es Salaam kwa mjomba wako ndicho utakachoamkia na kulalia. Basi anza na mama yako. Penye neno gumu, pita, utalirudia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jana uliposikia mnunuzi anakuja, uliniambia, "Mama, unauza gari la Baba." Ukaingia chumbani ukafunga mlango. Hukuniuliza kwa nini nauza, nami sikukuambia, kwa hiyo kosa tugawane nusu kwa nusu. Lakini hilo "gari la Baba" halikunipa usingizi.

Hukosei peke yako. Mji mzima unaliita gari la Saidi. Mama Tina wa ng'ambo ya ua, kila nikilifuta vumbi, ananipigia kelele: "Maman'i Faiza! Gari la Saidi bado lipo? Mbona Saidi mwenyewe ameshapata lenye paa huko kisiwani Mahore?" Huwa nacheka naye, nitafanyaje. Lakini leo nataka ulijue gari hili kama ninavyolijua mimi, kwa ndani.

Mimi nilitoka Unguja msichana, nikamfuata bibi yako alipoolewa Mahajanga. Mahabibo, mtaa wa huko, ndiko nilikojifunza kazi. Nilianza na magauni ya sikukuu, kama wenzangu wote. Kisha nikakaa nikahesabu: gauni hushonwa mara moja kwa Idi, lakini kiti cha gari la abiria huchanika kila msimu wa mavuno, maana watu hupanda na majembe na kuku na magunia. Nikaacha magauni. Madereva walinicheka. Mmoja akasema, "Dada, ukimaliza kiti, utanishonea na usukani?" Nikamwambia usukani hauchaniki, ila mdomo wake naweza kuupiga mshono, tena bure. Akawa mteja wangu mpaka mwisho.

Mwisho ulikuja mwaka wa fujo, Wangazija walipowindwa Mahajanga. Tuliulizwa asili yetu na watu waliokuwa wakichota maji kwetu, safari hiyo wamekuja na panga. Bibi yako alikusimulia inavyotosha, siongezi. Tulitoka na cherehani moja kati ya tatu. Chumba changu cha kushonea, karibu na soko, kikabaki, mlango wazi. Baba yako alikuwa na binamu Nosy Be, ndiyo tukaja huku.

Hapa nilifanya jambo la kijinga ambalo wakati ule niliona ni akili. Kwa miaka miwili sikununua kitu chochote kisichobebeka kwa mikono miwili. Kitanda, la. Kabati, la. Mtungi mkubwa, la. Tulilala mkekani nikajisifu kwamba sisi wepesi, tukiambiwa tutoke tutatoka. Baba yako alikuwa akiniuliza, "Sasa mgongo wangu nao unabebeka?" Niliona ananidharau. Kumbe alikuwa anaumwa.

Kitu cha kwanza nilichonunua kisichobebeka kilikuwa gari.

Lilikuwa kwenye banda la vazaha mmoja, mzungu aliyekuwa akitengeneza mafuta ya ilangilangi, naye anafunga mizigo kurudi kwao. Nilikwenda kwa ajili ya magodoro yake, akataka niyapunguze. Ndani ya banda nikaona kitu kimefunikwa magunia. Gari dogo la Kiingereza, pua ndefu, mgongo mfupi, viti viwili tu, magurudumu ya njiti kama ya baiskeli. Usukani uko kulia, kama magari ya Unguja. Alisema liliteremshwa na meli kutoka Mombasa, wakati alipokuwa bado ana mke na nguvu. Halikuwa na paa, zilibaki mbavu za chuma na matambara ya turubai lililoliwa na ukungu. Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

Sikulitaka gari, Faiza. Nilikitaka kiti. Panya walikuwa wamekitoboa, nami nikaingiza kidole kujua Waingereza wanakalia nini. Nilidhani nitakuta pamba, au manyoya ya farasi. Nilivuta, na kilichotoka ni makumbi. Makumbi ya nazi, yameshikanishwa kwa mpira, safi, yale yale tunayosugulia sufuria! Nilisimama pale nikiyanusa. Nani aliyavuna? Yalivuka bahari yakaingia kiwandani, yakashonewa ngozi, yakarudi tena huku kuja kutagiwa na kuku. Mpaka leo sijapata wa kuniambia.

Nikamwambia yule mtu, "Niuzie viti viwili hivi." Akasema, "Chukua lote au acha lote." Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi wawili wa Idi. Nikachukua lote.

Baba yako aliporudi akakuta vijana wanalisukuma uani.

"Umenunua nini?"

"Viti."

"Na hiki kilichovizunguka?"

"Kasha lake."

Alizunguka mara mbili, akafungua boneti, na chakula cha usiku akakisahau. Hapo ndipo kazi ilipogawanyika, wala hatukukaa kikao: mbele yeye, nyuma mimi.

Sitamnyima lake. Alikuwa fundi, ila alikuwa fundi wa magari ya Kifaransa. Betri akaifunga kama alivyozoea, hasi kwenye bodi. Kumbe magari ya Kiingereza ya siku zile ni kinyume, chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Moshi ulitoka, dainamo ikaungua. Na spana zake zote zilikuwa za milimita, boliti za gari ni za inchi. Ile ya kumi na tatu inakaribia kuenea, inakudanganya, ukikaza inakula kichwa cha boliti. Aliharibu boliti nyingi kabla ya kukubali kwamba kinachokaribia kuenea ni kibaya kuliko kisichoenea kabisa. Baada ya hapo akawa anazichonga spana mwenyewe kwa tupa, kila jioni, akiimba. Siku injini ilipowaka ulikuwa tumboni, ukapiga teke.

Mimi nilikuwa na yangu. Ngozi niliagiza Mahajanga, ya ng'ombe wa nundu, nene, ina makovu ya miiba. Niliyageuza makovu yakae mgongoni pa kiti, pasipoonekana. Makumbi niliyaongeza mapya ya hapa hapa. Paa nililishona kwa turubai la kufunikia magunia ya sukari. Ukilala ndani siku ya jua, mpaka leo linanukia sukari guru, nawe ulikuwa ukililamba.

Kisha mapazia ya pembeni. Gari hizi hazina vioo vya milangoni. Zina mapazia ya turubai kwenye fremu, na upande wa dereva kuna kidirisha, kipande kinachofunuliwa, ili dereva atoe mkono kuonyesha anapinda. Mapazia ya zamani yalikuwa vumbi, zilibaki fremu tu. Nikakata, nikashona, nikalipenda zaidi pazia hilo kuliko kazi yote niliyowahi kuifanya. Mvua ya kwanza tukatoka, mimi na baba yako na wewe mapajani. Tulipofika njia panda akageuka kuniangalia.

"Mama Faiza, mkono nautolea wapi?"

"Kwenye kidirisha."

"Kidirisha kiko kwako."

Nilitazama. Nilikishona kushoto. Tulicheka mpaka gari la nyuma likatupigia honi. Nikautoa mkono wangu mimi, nikawa ndiye taa ya kupindia, mvua inaniingia mkononi mpaka kwapani.

Nyumbani nikaacha kucheka. Mimi nimekulia Unguja, ambako kila usukani uko kulia. Nilipanda magari ya shamba na ya mjini, najua dereva anakaa wapi. Lakini mkono wangu ulipokata turubai haukuniuliza, ulikata kama mkono wa mtu aliyezaliwa Mahajanga, ambako usukani uko kushoto. Nilikaa nikiitazama mikono hii. Ilihama lini bila kuniaga?

Kuufumua ule mshono sikuweza. Turubai likishatobolewa na sindano halijifungi, ukitoa uzi maji yanapita kwenye matundu. Kosa la turubai huliondoi, unalishonea mwenzake. Nikaongeza kidirisha cha pili, upande wa kulia. Ndiyo maana gari letu lina viwili, na huko Uingereza, wanavyosema, halipo la namna hiyo.

Watu wakaanza kuja kulitazama. Kila aliyekuja alimkuta baba yako amelala chini ya gari, miguu nje, akasema, "Saidi, mikono yako ya dhahabu!" Mimi nilikuwa ndani ya gari, nimeinama na sindano, na aliye ndani miguu yake haionekani. Nikitoa kichwa wananiamkia, wananiuliza kama chai ipo. Niliwapa chai. Hilo nalo ni kosa, tena nimelirudia miaka mingi: nilingoja waulize. Nilidhani kazi nzuri itajisemea yenyewe. Kiti hakisemi, Faiza. Kiti kinakaliwa.

Kisha baba yako akaenda Mahore kwa miezi mitatu. Wewe unajua miezi hiyo ina urefu gani, sina haja ya kuipima.

Sasa nikuambie ninachouzia. Chumba changu cha Mahabibo kimepatikana. Si kingine, kile kile. Mama Zuhura, jirani yangu wa zamani kule, aliniandikia kwamba mwenye nacho amekufa na wanawe wanauza, amenishikia mpaka mwisho wa mwezi huu, na nyuma yangu amesimama mtu wa kuuza simu, pesa mkononi. Nilihesabu mara nyingi. Bei ya gari, ikiwa kamili, inafungua mlango ule. Ikipungua hata kidogo, haufunguki. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, mwanangu. Wewe kijana unakwenda mbele, na mama yako anataka kurudi mahali alipofukuzwa. Niliogopa utaniuliza kwa nini, na sina jibu lililopigwa pasi.

Leo umetoka tu, mnunuzi akafika. Mtu wa Reunioni, nadhifu, ana kofia ya majani na kitabu chenye picha za magari. Bei tulishapatana kwenye simu. Akapiga magoti, akagonga bodi kwa kidole, akanusa. Kila kitu alikiuliza swali moja: "D'origine?" Wewe Kifaransa unakijua kuliko mimi, lakini hebu litazame neno hilo kwa macho ya Kiswahili. Kwa kitu, maana yake ni kile kilichotoka nacho kiwandani. Kwa mtu, ni lile lile tuliloulizwa Mahajanga. Asili.

"Injini, d'origine?"

"Ndiyo."

"Magurudumu?"

"Ndiyo."

"Paa na viti?"

Ndiyo moja tu ilikuwa imebaki, Faiza. Chumba kiko upande wa pili wa neno hilo. Na huenda ningelisema, sikufichi, maana mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini yule bwana alikwisha kuingiza mkono kwenye kidirisha cha kushoto, ukatokeza nje, vidole vinacheza.

"Na hiki? Upande huu halikuwa nacho."

Mama Tina alikuwa uani kwake anapaa samaki. "Hicho cha abiria," akapaza sauti, "anatolea ulimi!"

Nikamwambia yule bwana, "Hicho ni kosa langu. Hicho cha kulia ni sahihisho langu. Paa nimeshona mimi, viti nimeshona mimi, na zulia unalolikanyaga pia."

Akafunga kitabu chake kwa masikitiko, kama daktari. "Basi si d'origine, Madame. Robo ya bei itatoka."

Robo. Nilimwona muuza simu anatundika taa zake kwenye chumba changu.

Sikugombana naye. Niliingia ndani nikatoka na spana, ile ya inchi iliyochongwa kwa tupa. Nikafungua boliti za kiti cha dereva, nikakitoa. Nikafungua cha pili. Nikabandua vifungo vya paa kimoja kimoja, nikalikunja. Mapazia nayo. Mama Tina aliacha samaki wake, akaja akajitwika kiti kichwani, akakizungusha ua mzima akicheza na kupiga vigelegele kama anampeleka bibi harusi.

"Madame, unafanya nini?"

"Umesema unalipia cha asili. Hicho hapo, chote. Hii ni ile robo uliyoitoa, nami naichukua."

Alirudi nyuma hatua moja. Gari lilikuwa sakafu ya bati na mbavu. Akatazama wingu lililokuwa limelala juu ya msitu wa Lokobe. Kisha, sijui ni ukaidi au ni nini, akapanda akakaa chini kwenye bati, akashika usukani. Tuliona kofia tu. Mama Tina alilazimika kushika ukuta.

"Mpaka Antsahampano, bara, ni kivuko tu," nikamwambia, "utavumilia. Ila kutoka hapo barabara ina mashimo."

Ile kofia ikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka vizuri, hakujizuia. "Rudisha, Madame," akasema kutoka chini kule.

"Kwa bei ipi?"

"Ile ya kwanza."

"Ya kwanza, na kazi ya kufunga juu yake."

Akalipa. Pesa nimezihesabu, Mama Tina akazihesabu, kisha nikazihesabu tena. Chumba kimepatikana.

Wakati nafunga viti akachuchumaa pembeni, akataka kujua. Mbona uzi umepakwa nta? Mbona makovu ya ngozi yamegeuziwa nyuma? Nilimwonyesha makumbi ya zamani na mapya kupitia upenyo wa chini, akayashika yote mawili, akashindwa kuyatofautisha. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na neno moja tu la kupimia vitu. Alikuwa mtu wa kwanza, tangu gari hili liwe gari, kuniuliza mimi. Nilimjibu mpaka koo likakauka, na safari hii chai nilikunywa mimi.

Ile nyongeza ya kufunga viti nimeitenga, ni fungu la injini. Nitampelekea baba yako Mahore kwa mkono wa mtu. Aliifanya yeye, na leo imewaka kwa mara moja tu baada ya kukaa kimya miezi. Kwa hiyo hukukosea lote jana: kutoka boneti kwenda mbele ni gari la Baba. Kutoka boneti kurudi nyuma ni la mama yako, na huko nyuma ndiko wewe ulikokaa.

Limebaki moja. Alipokwisha kupanda, injini inaunguruma, akanigeukia: "Na wewe, Madame, d'origine ni wa wapi?" Aliuliza kwa wema. Nikaanza kuhesabu moyoni. Baba yangu Ngazija, nimezaliwa Unguja, kazi nimeijua Mahabibo, mkono wangu umehama sijui lini. Nikamwambia bei imekwisha kulipwa, swali hilo halimo. Akaondoka akipunga mkono kupitia kidirisha, sikuangalia ni kipi.

Lakini limenikaa. Maana huku umekuwa Mngazija tangu shule, hata ulipoimba wimbo wa taifa kwa sauti kuliko wote. Huko Dar es Salaam wazee wataisikia lafudhi yako watasema, "Ah, huyu Mbuki, katoka Bukini." Mbuki kwao ni Mmalagasi. Utavuka maji ubadilike jina njiani, bila kushonwa upya. Na watakuuliza kwa wema, kwenye foleni, harusini, kwenye chumba cha wasichana: wewe asili yako wapi?

Mimi umri huu limenishinda, wala sitakupa la kujibu. Nina hamu tu ya kujua. Siku ya kwanza watakapokuuliza, usilitengeneze. Lile litakalokutoka kabla hujafikiri, liandike hivyo hivyo, kwa lugha litakayotoka nayo, unitumie Mahabibo.

Nasikia sauti yako njiani, na ya shangazi yako bado inakufuata.

Mama yako